Siku ya mwisho Mtwara

Kesho alfajiri tunapanda basi la Dar, na mimi hata begi sijafunga. Sitaki kuondoka! Leo mimi na mume wangu tumeshinda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Maji yalikuwa yamekupwa, akina mama wanasaka pweza kwenye miamba. Tuliyeuziwa sisi alimng'ang'ania mume wangu mkononi, vinyonyeo vikamwachia alama za duara mpaka kwenye kiwiko. Tukampika kwa nazi. Jamani, pweza wa hapa ni mtamu!

Jioni tumepita Mikindani kuliaga Boma la mwaka 1895 na kununua korosho za mama mkwe. Watu wa Mtwara, mmetupokea kama ndugu. Asanteni sana.