"Madam, mfumo haunijui": siku moja ya mtunza akaunti chuoni

Saa 1:30 asubuhi. Nafika mapema kwa sababu mtandao wa chuo bado mwepesi. Natunza akaunti kwenye Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni. Wanafunzi wanazidi elfu tatu, na sisi tuko wawili. Wengi wanaamini kazi yetu ni kubadilishia watu nywila walizosahau. Leo mwaka wa kwanza wana jaribio saa 8 mchana.

Kabla ya kugusa chochote napakua orodha nzima ya watumiaji na kuihifadhi kwa tarehe ya leo. Hatua hii siiruki hata siku moja.

Saa 2:15. Ofisi ya udahili wananitumia orodha ya nyongeza kwa WhatsApp, majina 412 kwenye Excel. Moodle inataka faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, kila mtu mstari wake, na jina la kuingilia lisilo na herufi kubwa wala mkwaju (/). Namba zetu za usajili zimejaa mikwaju, hivyo naigeuza yote kuwa vistari (-). Kundi la semina 3-2 nalikuta limekuwa 3-Feb, maana Excel ikiona namba mbili na kistari katikati inadhani ni tarehe. Narekebisha, napandisha faili, nahakiki mistari ya mwanzo, nathibitisha.

Saa 4:40. Akaunti 405 zimeingia, 7 zimekataliwa: barua pepe yao imeshatumika. Naijua hadithi hii. Kijana wa stationery aliwajazia fomu za maombi watu wanane, akawawekea wote barua pepe yake mwenyewe. Wa kwanza amepita, waliobaki wamegonga mwamba. Lakini hata huyo aliyepita namtoa, kwa sababu akiomba nywila mpya itakwenda dukani kwa mtu mwingine. Nawapigia simu wote wanane. Watano wanapokea.

Saa 6 kasoro. Binti anasimama mlangoni.

"Shikamoo madam. Mfumo haunijui."

Namkaribisha kiti. Jina lake linaanza na Ng', kama majina mengi ya Kisukuma. Naandika jina haraka, bila ile alama ya juu, hakuna. Naandika la ukoo, ambalo nalo lina Ng', vilevile bila alama, hakuna. Namba ya usajili inaleta akaunti moja, imeundwa leo asubuhi, tupu kabisa. Yeye anasema ameshawasilisha kazi mbili tangu wiki ya kwanza, na ananionyesha picha alizopiga kwa simu. Hasemi uongo.

Basi natafuta kwa kipande cha katikati ya jina, herufi nne tu. Wanatokea watu kumi na mmoja. Nawapitia mmoja mmoja, na wa tisa ndiye yeye. Alisajiliwa awali kwa namba ya muda, na ile alama ya juu baada ya Ng iliandikwa kwenye simu, ikatoka imepinda. Kwenye orodha ya leo imeandikwa kwa kompyuta, imenyooka. Mwandishi mwingine huiacha kabisa. Kwa jicho langu na lako ni jina moja, kwa mfumo ni watu tofauti. Namba hazikufanana, jina halikufanana, hata barua pepe hazikufanana, ndiyo maana binti mmoja ana akaunti mbili: kazi zake ziko huku, jaribio liko kule.

Simu inaita. Ni mwalimu wa somo. "Dada, wanafunzi wangu hawalioni jaribio. Upo kweli?" Nipo, mwalimu. Anapiga tena. Anapiga mara ya nne nami nimeshika orodha mkononi.

Moodle yenyewe haina kitufe cha kuunganisha akaunti mbili. Ile mpya naivua namba na kuisimamisha, halafu naibakiza ile ya zamani yenye kazi zake, naipa namba sahihi, naiingiza kwenye somo. Kisha nachuja kila jina lenye Ng: 63. Tisa wana tatizo hilohilo. Sikumbuki nilikula nini mchana ule, au kama nilikula. Ninachokumbuka ni saa 7:52, binti ameinamia simu yake, ukurasa unazunguka, halafu jaribio linaonekana. "Asante madam." Akakimbia kutafuta sehemu tulivu.

Mchana ukaenda hivyo, watu mlangoni, simu, watu tena.

Jioni ndiyo kazi ninayoiogopa, kusafisha akaunti zilizolala. Bosi anataka zifutwe, na ana sababu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 haituruhusu kukaa na taarifa za mtu kupita muda zinapohitajika. Kichujio cha waliokaa mwaka mzima bila kuingia kinaleta 286. Kubofya mara mbili tu, wamekwenda. Ila kichujio hakijui nani amehitimu na nani ameahirisha masomo kwa sababu ya uzazi, ugonjwa au ada. Mwaka jana niliifuta akaunti ya mama mmoja aliyekuwa amejifungua. Aliporudi na mtoto mgongoni, alama zake hazikuwepo kwenye mfumo, ikabidi tuzikusanye upya kwenye karatasi za walimu kwa wiki mbili. Uso wake bado ninao.

Kwa hiyo naanza kwa kusimamisha tu. Kwenye CSV naongeza safu ya suspended, yaani aliyesimamishwa: 1 humzuia mtu kuingia, 0 humrudisha, na alama zake hubaki. Nalinganisha na daftari la msajili, jina kwa jina, mgongo unauma, taa za korido zimeshazimwa. Waliohitimu 248 nawawekea 1. Wanabaki 38 ambao daftari linasema wameahirisha.

Hao nawaachia 0. Nachapisha orodha yao pamoja na namba za simu, naibana chini ya kibodi, nafunga mlango. Kesho asubuhi nawapigia.