Siku yangu na taka za mionzi katika kliniki ndogo, Marekani

Saa 12:30 asubuhi. Nawasha kipima mionzi, naangalia betri, kisha nakielekeza kwenye chanzo kidogo cha mionzi cha majaribio. Mshale usipofika pale ulipozoea kufika, kipima hicho hakitumiki leo.

Saa 1:15. Dozi za tekineti-99m, dawa yenye mionzi ya kupigia picha za mwili, zinafika ndani ya vikopo vya madini ya risasi yanayozuia mionzi. Kifurushi kinapimwa na kupanguswa, kuona kama kuna mionzi iliyovuja, ndani ya saa tatu. Sindano zilizotumika zitarudi kwa famasia iliyozileta. Kwetu zinabaki glavu, pamba na mipira ya kanula.

Saa 4. Ndoo ya tekineti mbali, ya iodini-131, dawa nyingine yenye mionzi, mbali. Tekineti hupungua nusu kila baada ya muda wa saa 6, iodini kila siku 8. Glavu moja ya iodini ikiingia mfuko wa tekineti, mfuko uliokuwa utoke baada ya siku tatu utakaa karibu miezi mitatu.

Saa 8 mchana. Stoo. Kifungu cha 35.92 cha kanuni za Tume ya Nyuklia kinaruhusu kuhifadhi taka hadi zipoe ikiwa nusumaisha, yaani muda wa mionzi kupungua nusu, haizidi siku 120. Wengi husubiri nusumaisha 10, ibaki sehemu 1 kati ya 1,024. Ni desturi nzuri, ila kinachoufungulia mfuko mlango ni kipimo, si kalenda.

Mfuko nautoa nje ya stoo kwanza. Ukipimia ndani, mifuko ya jirani inapandisha mionzi ya mazingira, na mfuko ambao bado u hai utaonekana umekufa. Kipima kiwe kwenye hatua yake nyepesi ya kuhisi kuliko zote, bila kinga yoyote katikati. Napitisha polepole usoni mwa mfuko, pande zote, na chini pia. Pembe moja tu ikizidi mazingira, mfuko mzima unarudi rafuni.

Ukipita, alama zote za mionzi zinang'olewa au kufutwa, isipokuwa zilizo ndani ya chombo kitakachoshughulikiwa kama taka za kitabibu.

Mtego mkubwa ni luteti-177, dawa ya mionzi ya kutibu saratani. Nusumaisha yake yenyewe ni siku 6.6, lakini kuna aina inayotengenezwa ikiwa na chembe za luteti-177m, ya siku 160. Hiyo haiingii stoo hii hata kidogo. Muulize msambazaji kabla ya kuagiza. Bati la kobalti-57 la kupimia kamera ya picha za mionzi, nusumaisha siku 272, nalo hurudi kwa mtengenezaji.

Saa 10. Daftari: tarehe ya kutupa, kipima kilichotumika, mionzi ya mazingira, kipimo cha uso wa kila chombo, jina la aliyepima. Linatunzwa miaka 3. Najaza nikiwa bado nimesimama kando ya mfuko, kisha nafunga stoo kwa kufuli.