Gia Inapogoma, Giaboksi Iwe Mshukiwa wa Mwisho

Kigari kidogo cha kazi, kile cha viti viwili chenye bodi fupi nyuma, kinapoanza kukataa gia, lawama huelekezwa moja kwa moja kwenye giaboksi. Mimi huiacha hadi mwisho, kwa sababu kuifungua ni kazi ndefu na ghali, ilhali chanzo mara nyingi kiko nje yake, mahali panapofikiwa kwa spana na tochi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji kifaa. Kigari kikiwa mahali tambarare, zima injini na upitishe mkono wa gia katika nafasi zake zote. Gia zikiingia vizuri hapo, lakini zikasaga injini inapowaka, basi kuna kitu kinachoizungusha giaboksi wakati ambapo ingepaswa kutulia. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, kisukume kigari mbele na nyuma kidogo, kwani meno yaliyokutana ncha kwa ncha hayaingiliani mpaka upande mmoja usogee. Ugumu ukibaki, tatizo liko kwenye kebo inayounganisha mkono wa gia na giaboksi, viungo vyake au giaboksi yenyewe.

Tuanze na kusaga. Vigari vingi vya aina hii havina klachi ya kukanyaga, bali vina mkanda wa mpira unaopita kwenye puli mbili. Injini inapotulia, yaani inapowaka bila kukanyagiwa mafuta, springi huzitenganisha sahani za puli ya mbele, ile ya upande wa injini, ili mkanda usibanwe; unapokanyaga mafuta, vizito vilivyo ndani ya puli husukumwa nje na kuzibana sahani hizo. Kwa hiyo injini inayotulia kwa kasi ya juu mno, springi iliyochoka, vumbi lililogandamana ndani ya puli, au mkanda mpya uliokazwa kupita kiasi, vyote huufanya mkanda uburute na kuendelea kuizungusha shafti ya giaboksi. Kasi ya kutulia kwa vigari vingi huwa karibu na mizunguko 1,200 kwa dakika, ila kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuata. Dereva anayebadilisha gia kabla kigari hakijasimama kabisa huleta kelele ileile, na hakuna spana itakayomsaidia.

Kebo nayo ichomoe upande wa giaboksi, kisha usogeze kwa mkono wenzo uliopo pale. Ukisikia kila gia ikijifunga kwa mguso ulio wazi, giaboksi haina hatia. Kagua kama kebo ina kutu ndani, imepindwa kupita kiasi, au imeungua kwa kupita karibu na ekzosi, na kama bushi za viungo zimelika. Kuirekebisha, weka wenzo na mkono wa gia vyote kwenye gia huru, kisha sogeza nati za kebo mpaka ncha yake ikae mahali pake bila kulazimishwa, ndipo uzikaze.

Gia inayochomoka wakati wa kuvuta mzigo inatia shaka zaidi. Huenda kebo haiifikishi mwisho, kwa hiyo irekebishe kwanza. Ikiendelea kuchomoka, mwaga oili ya giaboksi na uichunguze. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole vinamaanisha kuwa kuna kitu kilichovunjika ndani, na hapo giaboksi ifunguliwe.