Herufi mbili za mwisho

Kiingereza kilinishika koo Karanga, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyo karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, kabla jua halijagusa mahema. Miaka hiyo nilikuwa mgumu, yaani mpagazi, na nilikuwa nimepewa kazi ya kukaa karibu na mama mmoja mgeni aliyekuwa anapanda na binti yake kwa njia ya Machame. Usiku ule mama alitapika mara moja. Nikampelekea maji ya moto, akanywa kidogo kidogo, akatulia, akalala mpaka kulipokucha.

Asubuhi akaja daktari, mgeni wa kundi jingine, kuuliza hali. Mwongozaji wetu mkuu alikuwa kwa askari wa hifadhi anasaini kitabu, kwa hiyo nikajibu mimi, tena kwa sauti ya kujiamini: "She vomit in the night." Akaniuliza, "Every night?" Neno "every" nililijua, ila sikuelewa swali lile limetoka wapi. Nikarudia: "She vomit. She stop." Akakunja uso, akageuka kuongea na yule binti, na nikasikia wanataja kushuka. Binti akaanza kulia.

Mwongozaji aliporudi aliniuliza kitu kimoja tu: "Anatapika au alitapika?"

Alitapika, kaka. Mara moja. Basi. Wakamwekea kile kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, wakamuuliza maswali yao, wakaridhika, na tukaondoka kwa mwendo wa taratibu zaidi. Lakini mimi nilibaki na lile swali la daktari siku nzima, kutoka Karanga mpaka kambi ya Barafu. Alisikia "vomit" bila kitu nyuma yake, akadhani nasema hutapika, kwamba ndiyo hali yake ya kila usiku tangu tumeanza safari. Nilichopungukiwa ni herufi mbili: "vomited". Na "stopped".

Sasa hivi mimi ndiye ninayeongoza wageni, na kipindi cha masika, mlima unapopoa kazi, nafundisha Kiingereza jioni katika chumba cha nyuma ya duka pale Pasua, Moshi. Wanakuja wapagazi, wapishi wa mlimani, na dada mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni anayetaka kupanda kama mpagazi msimu ujao. Wengi wamemaliza darasa la saba, wachache wamefika kidato cha nne. Wote walishakaririshwa shuleni kwamba wakati uliopita unaongezewa "-ed", na ukiwaandikia "walk" ubaoni watakuandikia "walked" bila kukosea. Ila wakifungua mdomo mbele ya mgeni, "-ed" haipo. Nilijiuliza muda mrefu inapotelea wapi, na nadhani sababu naijua, kwa kuwa ndiyo iliyonikamata mimi.

Kwetu wakati unatangulia tendo. A-li-tapika: kwanza mtu, halafu wakati, ndipo tendo. Kabla sijafika kwenye kutapika kwenyewe, msikilizaji ameshajua ni habari ya jana. Kiingereza kinataja mtu, kinataja tendo, halafu wakati unakuja mwisho kabisa, kwa sauti ndogo ambayo ukivuta pumzi tu imekupita. Sikio lililolelewa na Kiswahili linasubiri mlango wa mbele, na mgeni anapitia mlango wa nyuma. Ndiyo maana wanafunzi wangu wengi wanaokota "was" na kuibandika mbele kama li yetu: "I was carry two bags." Wanajua kabisa wanaongelea jana. Wanaiweka jana mahali ambapo Kiswahili kinaiweka.

Kwa hiyo sianzi na orodha ya vitenzi. Naanza kwa kuandika "nilibeba, ulibeba, alibeba, tulibeba, mlibeba, walibeba" kwa mstari mrefu, na chini yake naandika neno moja: "carried". Nawaambia hilo moja linatosha watu wote sita. Kitenzi cha kanuni cha Kiingereza kina sura nne tu, "walk, walks, walking, walked", na ukishazijua umemaliza. Hebu hesabu sura za "tembea": nilitembea, sikutembea, tumetembea, wangetembea, hutembei, asitembee. Mtu anayezitumia zote hizo tangu utotoni bila kufikiri asiniambie Kiingereza kina vitenzi vigumu.

Kisha tunaijenga siku ya mlimani tangu getini. "We packed. We loaded the car. The ranger weighed the bags." Hapo kila mtu anachangamka, maana mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20 na kila aliyewahi kusimama kwenye ule mzani ana la kusema. "We registered. We started. We climbed. We rested. We arrived. We cooked, we washed." Vyote ni vya kanuni! Niligundua hili tukiwa darasani na lilinifurahisha: karibu kazi yote ya mgumu inasemwa kwa "-ed". Vinavyoasi ni vya mwili, vile vya kula, kunywa, kulala na kuanguka: "ate, drank, slept, fell". Hivyo tunaviacha kwanza. Mtu akiniuliza kwa nini vipo, namwambia aniamrishe kwa Kiswahili nije, niende, nilete. Atasema njoo, nenda, lete. Mbona hasemi "kuja" au "leta" kama anavyosema "soma" na "imba"? Maneno yanayotumika kila saa huruhusiwa kukaa na ukaidi wao, kwa sababu hakuna anayepata nafasi ya kuyasahau.

Na baadhi ya wakaidi waliwahi kulainika. "Climb" yenyewe, kitenzi kinachotulisha sisi wa Moshi, zamani ilikuwa nje ya kanuni: Waingereza walisema "clomb". "Help" ilikuwa "holp". Leo ni "climbed" na "helped". Na kila kitenzi kipya kinachozaliwa huingia moja kwa moja kwenye kanuni, ndiyo maana mgeni atakwambia "I googled the route" na wala hakuna mwalimu aliyemfundisha sura hiyo.

Sauti ndiyo kazi, na hapo ndipo tunapotumia jioni nyingi. Herufi ni zilezile ila sauti ni tatu. Nawaambia washike koo, vidole viwili hapa mbele, waseme "climb" bila kuitamka ile b, maana haitamkwi. Mmm. Koo linatetemeka. Basi mwisho wake utatetemeka pia: "klaimd". "Carry" inaishia na irabu, koo linatetemeka, "kerid". "Weigh", "weid". Sasa sema "wash". Shhh. Koo limetulia kama la mtu aliyelala. Basi mwisho wake ni t kavu: "wosht". "Pack" vilevile, "pakt". "Cook", "kukt". Chumba kizima watu wameshika makoo wananong'ona shhh na mmm, na mama mwenye duka alishachungulia mara moja akitaka kujua kama kuna anayeumwa.

Sauti ya tatu ni ya vitenzi vinavyoishia na t au d: "rest, start, load, wait, vomit". Hapo t haiwezi kusikika juu ya t nyingine, kwa hiyo wanapenyeza irabu: "restid", "lodid", "vomitid". Ni hapa tu irabu inaruhusiwa. Kosa letu ni kuipenyeza kila mahali, "wokidi", "klaimbidi", na silaumu mtu, kwa sababu mdomo wetu unapenda neno liishie na irabu. Ndivyo tulivyotengeneza begi, benki, kabati na tiketi. Mtu anayesema "wokidi" anatamka Kiingereza kwa kanuni za kwao, tena kwa uaminifu. Anahitaji tu mahali pengine pa kuipeleka ile irabu.

Na mahali hapo papo. Hili sikulisoma popote, nililisikia kwa wageni nikitembea nyuma yao: t au d ya mwisho hurukia neno linalofuata kama linaanza na irabu. "Walked up" inakuwa "wok-tap". "Climbed it" inakuwa "klaim-dit". "Stopped at" inakuwa "stop-tat". Ukiikata hivyo, mdomo wa Mswahili haupati tabu yoyote, kwa sababu silabi imefunguliwa na konsonanti na irabu imefuata, kama tulivyozoea. Kijana mmoja wa Kibosho aliyekuwa anajikwaa kwenye "walked" wiki mbili aliipata kwa "wok-tap" jioni moja, akaisema mpaka akaondoka nayo barabarani. Tangu hapo siwapi tena kitenzi kikiwa peke yake. Nakipa "up", "in", "at", "it", kikae na mwenzake. Neno linalofuata likianza na konsonanti, kama "walked down", hata mwenye lugha karibu anaimeza, kwa hiyo hapo nawaambia watege sikio kwenye "yesterday" na "last night".

Habari njema ni kwamba kwenye swali na kwenye kukanusha Kiingereza kinarudi nyumbani kwetu. "Did you carry it? I did not carry it." Wakati umekuja mbele, umebebwa na "did", na kitenzi kinabaki kitupu. Hapo wengi wanabeba mizigo miwili: "I did not arrived." Dawa yake ninayo na haijawahi kuniangusha. Naandika "nilifika", chini yake "sikufika". Nauliza, li imekwenda wapi? Wanakaa kimya kidogo, halafu dada wa Kiboriloni anasema, "Imeondoka, ticha, imekuja ku." Naam. Hakuna anayesema "sikulifika". Ku ikiingia, li inatoka. "Did" ikiingia, "-ed" inatoka. Sijaona tena kosa hilo kwa mtu aliyeliona kupitia "sikufika".

Tahajia tunaipitia kwa haraka, ni ya wanaojiandaa na mitihani ya uongozaji. "Stop" inarudia p, "stopped", kwa sababu ni silabi moja fupi. "Vomit" haiongezi t kwa sababu uzito wa neno uko mwanzoni. "Carry" inabadili y kuwa i, "stay" haibadili. Zaidi ya hapo nawaachia daftari.

"Nimechoka" nayo ina mtego, maana wanasema "I have tired" kwa kuifuata me yetu. Ni "I am tired". Ila kwa "nimepanda" me inakubali: "I have climbed it many times." Hii nawakazania sana, kwa sababu kila mgeni anauliza umepanda mara ngapi, na mgumu aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, mara zisizohesabika hapaswi kushindwa kusema hivyo kwa sababu ya d.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, mzee wa Uru aliyebeba mizigo tangu ujana na sasa magoti yanamkataza, alibaki wenzake walipoondoka. Akaniuliza, "Mwalimu, nikitaka kusema nilikuwa nabeba, siku hizi sibebi, nasemaje?" Nikamwandikia ubaoni: "I used to carry." Akaisoma polepole. Nikamtamkia: "yus-tu keri". Akaweka vidole vyake viwili kooni, akasema "yus-tu", akatulia, akarudia.

"Halitetemeki," akasema. "Lakini jana uliandika 'we used a rope', na pale lilitetemeka."

Nilimwomba arudie zote mbili, nikashika koo langu. "Yuzd a rope." "Yus-tu keri." Kweli. Maandishi ni yaleyale, ila ya kamba inatetemeka na ya kubeba haitetemeki. Miaka yote nimekuwa nikizitamka tofauti bila kugundua. Nikamwambia mzee wangu, umesikia sawasawa, ile d imekutana na t ya "to" ikaisha nguvu, ikaivuta na s iliyo mbele yake. Akanyanyua chaki, akapiga mstari chini ya "used", akasimama pale anaiangalia, vidole bado viko kooni.