Siku moja na maembe ya kukausha, kuanzia sokoni mpaka kwenye kopo

Saa 11 alfajiri niko Mabibo sokoni. Desemba hii msimu umewaka ila ukichelewa unakuta yale yaliyobonyezwa na kila mtu. Natafuta dodo, liwe limeiva ila bado lina ugumu kidogo, lililolainika sana hilo ni la juisi, ukilikata linakuwa uji. Muuzaji ananishangaa, "dada embe tamu hivi unaenda kulikausha?" Nacheka tu, napunguziwa bei.

Saa 1 niko jikoni. Naosha, namenya, nakata, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo, watu wanadhani mashine ya kukaushia ndo inafanya kila kitu wakati yenyewe inapuliza hewa ya moto basi. Kipande kiwe milimita 5 au 6 na vyote vilingane, maana chembamba kitakauka mapema, kinene bado kina maji katikati, na hicho kimoja ndo kitaota ukungu kiharibu kopo zima. Glavu navaa, ule utomvu wa kwenye kikonyo unawasha we acha tu. Navipitisha kwenye maji ya limao visibadilike rangi, nachuja, napanga kwenye trei visigusane. Maganda ya mbuzi wa jirani, kokwa nazifyonza mwenyewe hapohapo kwenye sinki, ndo chai yangu hiyo.

Saa 4 nawasha, digrii 57. Mtu anayeanza lazima atake kupandisha iwe 75 ili amalize haraka, matokeo yake nje panakuwa pagumu maji yanafungiwa ndani hayana pa kutokea, ukishika unasema tayari, siku ukifungua kopo unakutana na harufu ya pombe.

Na mnaoniuliza si uanike juani bure, jamani, Dar hii? Maembe yanaiva vuli hiyohiyo, hewa imejaa unyevu, mara mawingu mara manyunyu, bado nzi na vumbi, na kunguru wa mjini mnawajua.

Saa 7 nazungusha trei, za chini ziende juu, feni ya mashine yangu iko chini kwahiyo huko kunakauka kwanza. Luku naiangalia kwa jicho la pembeni ingawa mashine ni wati 500, masaa 10 haizidi uniti 5. Saa 9 umeme ukakatika kidogo, sikufunua, joto likabaki humohumo.

Saa 2 usiku nazima. Usipime kipande cha moto, kinadanganya, kiache kipoe afu kikunje, kipindike bila kuvunjika na ukikichana katikati usione unyevu unang'aa. Vikipoa vyote naweka kwenye makopo ya glasi, sijazi mpaka juu, wiki nzima natikisa kila siku, nikiona matone kwenye kioo vinarudi kwenye mashine.

Kilo 10 nilizonunua, ukitoa ganda na kokwa, zikishakauka zinabaki kama kilo moja. Afu mtu anakuja inbox, "dada mbona kapakti kadogo bei kubwa". Kaka, embe zaidi ya asilimia 80 ni maji, kama unataka na maji yake Mabibo wanafungua alfajiri.

Kesho kuna oda ya nanasi, hilo linakaa kwenye mashine muda mrefu kuliko embe, ngoja nioshe trei nilale.