Nilivyoihamisha droni yangu kutoka Lang'ata

Droni niliyoletewa na shemeji kutoka Dubai niliirusha mara ya kwanza juu ya paa la ploti yetu Lang'ata, Nairobi, Jumapili asubuhi, bila karatasi yoyote mkononi. Watoto wa majirani walishangilia. Ilipanda ikawa kama nukta, nami nikaacha kuitazama yenyewe, nikakodolea macho skrini. Kisha nikasikia mngurumo. Ndege ndogo ya propela moja ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa ndege wa Wilson, magurudumu yake yanaonekana wazi. Niliinua uso: ndege naiona, droni siioni. Vidole vilitetemeka hadi nikakosea kitufe cha kuirudisha. Ilipotua hatimaye, nilikaa chini kwenye simenti, nikawaambia watoto washuke nyumbani.

Kilichoninyima usingizi ni waliokuwa ndani ya ile ndege. Wilson hutumiwa na watalii wa Maasai Mara, na ndege za AMREF za kubeba wagonjwa zinaruka kutoka hapo hapo. Ningemgonga nani?

Niliifungia droni kabatini, nikaenda kuuliza ofisi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, JKIA. Kanuni zinazotumika ni za mwaka 2020: droni isajiliwe, isipite futi 400 kwenda juu, isipotee machoni pa anayeirusha, na isirushwe ndani ya kilomita 10 za kiwanja kikubwa cha ndege bila idhini. Hiyo ya kilomita 10 ndiyo iliyonishika. Nilirudi nyumbani nikachukua bikari ya binti yangu ya darasani, nikatandika ramani mezani, nikachora duara kuzunguka JKIA, jingine Wilson, la tatu kiwanja cha wanajeshi Eastleigh. South C, Kibera, Kilimani, Westlands, Embakasi, hadi Kasarani, zote zilimezwa. Paa letu lilikuwa karibu katikati kabisa ya duara la pili.

Usajili ulipokamilika ikaja harusi ya binamu yangu, sherehe ikiwa kwenye bustani papo hapo Lang'ata. Baba mdogo alitaka picha za kutoka juu.

"Dakika tano tu," aliniambia. "Nani atakuona?"

"Baba mdogo, shida ni kwamba rubani hataniona."

Alinuna. Nikamweleza kisa cha Los Angeles, Januari 2025, wakati wa ule moto mkubwa. Mtu mmoja alirusha droni kutoka juu ya jengo la kuegesha magari, ikaenda zaidi ya kilomita mbili hadi ikampotea machoni, ikagonga bawa la ndege iliyokuwa ikimwaga maji juu ya moto na kulitoboa. Ndege ikaondolewa kazini huku nyumba zikiungua. Yule bwana alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, akakubali kulipa zaidi ya dola 65,000. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuona moto, kama mimi nilivyotaka kuona paa za Lang'ata.

"Dola elfu sitini na tano?" Baba mdogo aliweka kikombe chini.

"Na hapo ndege ilitua salama."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni wapi basi panaruhusiwa. Ramani nilikuwa nayo. Tulikubaliana bwana na bibi harusi wapigwe picha Ijumaa, siku moja kabla, kwenye shamba la chai la rafiki yake huko Tigoni, nje kabisa ya duara zote tatu. Mwenye shamba alimpigia Baba mdogo simu mwenyewe kukubali. Kwa vile ni ndugu, sikuchukua hata shilingi. Kazi ya kulipwa ina vibali vyake, na sina.

Ijumaa hiyo ukungu ulikawia kuondoka. Nilisubiri hadi saa nne, anga likawa jeupe, nikairusha chini ya futi 200, jicho langu likiwa juu yake muda wote. Baba mdogo alisimama kando yangu na kazi moja niliyompa: kusikiliza ndege.