Nilivyozima mafuriko ya RxErr kwenye laptopu ya Mwaloni

Laptopu ilifika mezani na lalamiko moja: "Fundi, naandika nywila, inakubali, halafu inanirudisha palepale." Ukikutana na hali hiyo kwenye Ubuntu (mfumo wa familia ya Linux), usikimbilie kuweka mfumo upya. Mara nyingi diski imejaa, na mfumo unakosa nafasi ya kuandika hata vile vifaili vidogo unavyohitaji ili ukufungulie. Hii ilikuwa na SSD ya GB 120, prosesa ya kizazi cha 6 na Ubuntu 22.04. Ilikuwa inatumika kuhesabia magunia ya dagaa kwenye ofisi moja ya soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza.

Nilibonyeza Ctrl+Alt+F3 nikapata skrini ya maandishi matupu, nikaingia kwa nywila ileile. Amri ya `df -h /` ilionyesha 100%. Nikatafuta aliyekula:

sudo du -xh --max-depth=1 /var | sort -h
ls -lhS /var/log

Faili la syslog, daftari (logi) ambalo mfumo huandikia matukio yake, lilikuwa GB 22, kern.log nalo GB 22, na ndugu zao wa wiki iliyopita, syslog.1 na kern.log.1, GB 17 kila mmoja. Ulingano huo ndio dalili. Programu ya rsyslog huandika ujumbe wa keneli (kiini cha mfumo, kinachoongea na vifaa) ndani ya kern.log, kisha huurudia ndani ya syslog. Yakivimba sawasawa, mwenye kelele ni keneli, yaani kuna draiva au kifaa kinacholalamika. Ikivimba syslog peke yake, tafuta programu ya kawaida. Amri ya `journalctl --disk-usage` ilitoa GB 4 tu, kwa sababu journald, mtunza logi mwingine wa mfumo, hujiwekea kikomo yenyewe: asilimia 10 ya diski, na isizidi GB 4. Rsyslog haina breki hiyo.

Kabla ya kufuta chochote nilichukua sampuli. Diski imejaa, kwa hiyo sampuli inawekwa kwenye RAM:

sudo tail -n 2000 /var/log/kern.log > /dev/shm/sampuli.txt

Kisha nikasimamisha uandishi kwa `sudo systemctl stop syslog.socket rsyslog.service`. Ukisimamisha rsyslog peke yake bila ile soketi (tundu lake la kupokelea ujumbe), ujumbe unaofuata utaiamsha tena. Baada ya hapo:

sudo truncate -s 0 /var/log/syslog /var/log/kern.log
sudo rm /var/log/syslog.1 /var/log/kern.log.1

Wengi hukosea hapa. Ukitumia `rm` kwa faili ambalo rsyslog bado imelishika, jina linapotea lakini nafasi hairudi mpaka huduma izimwe au mashine iwashwe upya. Utaangalia `df` mara tatu ukidhani diski imekufa. Ukishaingia mkenge huo, `sudo lsof +L1` itakuonyesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa. Yale yenye .1 hayana mwenyewe tena, kwa hiyo `rm` haina madhara.

Nafasi ikarudi. Hiyo bado si matengenezo, ni kukausha sakafu huku bomba linamwaga. Sampuli ilikuwa imejaa mistari hii minne ikijirudia:

pcieport 0000:00:1c.5: AER: Corrected error received: 0000:00:1c.5
pcieport 0000:00:1c.5: PCIe Bus Error: severity=Corrected, type=Physical Layer, (Receiver ID)
pcieport 0000:00:1c.5:   device [8086:9d15] error status/mask=00000001/00002000
pcieport 0000:00:1c.5:    [ 0] RxErr

AER ni utaratibu wa kuripoti makosa wa PCIe, njia inayounganisha ubao mama na kadi zake. Neno la kuangalia kwanza ni Corrected: kosa limetokea, na vifaa vyenyewe vimelirekebisha kabla data haijaharibika. Ingekuwa Uncorrected, ningeacha yote nianze kunakili data ya mteja. Physical Layer na RxErr maana yake ishara ya umeme imefika kwenye mlango ikiwa haisomeki vizuri. Namba ya 00002000 isikutishe, ni kichujio cha aina nyingine ya kosa ambacho huwa kimewekwa tangu mwanzo.

Jina lililotajwa, 00:1c.5, ni la mlango kwenye ubao mama. Mlango ndio unaotoa taarifa, lakini chanzo kinaweza kuwa upande wa pili wa njia. `lspci -tv` huchora mti, na hapo niliona chini ya 1c.5 kuna kifaa kimoja tu, 02:00.0, kadi ya Wi-Fi. Kadi yenyewe ilikuwa inafanya kazi, intaneti inapatikana, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Ukitafuta ujumbe huu mtandaoni, jibu la kwanza utakalopewa ni kuongeza `pci=noaer`, kigezo cha kuwashia kinachozima AER. Kwangu huko ni kuziba masikio. Makosa yanaendelea vilevile, ila hakuna anayeyapokea wala kuyahesabu, na siku kiungo kikianza kuharibika kweli hutapata onyo. Naikubali kama hatua ya mwisho kwenye mashine ambayo nimeshathibitisha chanzo na hakitengenezeki. Mimi huanza kwa kuhesabu, kwa sababu bila hesabu huwezi kujua kama ulichobadilisha kimesaidia au umebahatisha. Keneli hutunza idadi hapa:

cat /sys/bus/pci/devices/0000:00:1c.5/aer_dev_correctable

Soma mstari wa RxErr, subiri sekunde 60, soma tena, toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Nilipata karibu 11,000 kwa dakika. Kila kosa huandika mistari minne, na mistari minne hiyo ni kama baiti 400. Zidisha kwa saa 12 za kazi na siku saba, unafika kwenye zile GB 22.

Nilianza na vyuma, maana ndivyo rahisi kuhakikisha. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua mgongo, na chomoa plagi ya betri kwenye ubao kabla ya kugusa kitu. Kadi ya Wi-Fi imeshikwa na skrubu moja, ikilegezwa kadi hunyanyuka yenyewe. Waya za antena zivutwe juu wima kwa ncha ya plastiki, usiupinde ule waya. Viunganishi hivyo havikuundwa kuchomolewa na kurudishwa kila mara, vikilegea hutapata mawimbi.

Kwanza niliwasha bila kadi kabisa, nikahesabu kwa `journalctl -k -b | grep -c RxErr`. Sifuri. Hapa lile faili la hesabu halitegemewi, kwa sababu BIOS (programu ya ubao mama inayowasha mashine) huweza kuuficha mlango usio na kifaa, na faili likapotea pamoja nao. Sifuri ilithibitisha kwamba tatizo liko kati ya mlango na kadi, wala si kifaa kingine.

Mashine zinazokaa karibu na maji hapa Mwanza huwa na uchafu wa aina yake: vumbi lililochanganyika na unyevu, na mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kufuata taa usiku. Feni huwavuta ndani. Meno ya kadi yalikuwa na utando wa kahawia. Niliyasugua na raba nyeupe laini ya penseli, mara tano sita kwa upande mmoja, kwa uzito wa kufuta maandishi tu, kisha nikapangusa kwa alkoholi ya isopropili. Usitumie msasa, hata ule laini, kwa sababu dhahabu iliyopakwa juu ni nyembamba mno. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa ukikosa nyingine, ila ina maji, basi subiri nusu saa kabla ya kuunganisha betri. Sloti niliipuliza kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo.

Baada ya usafi: 6,300 kwa dakika. Imepungua, haijaisha. Hapo ndipo hesabu inapokulipa. Bila namba ningeona mistari bado inatiririka nikasema usafi haukusaidia, au ningeishuku kadi nikamwambia mteja anunue nyingine.

Mshukiwa wa pili alikuwa ASPM, utaratibu wa kukilaza kiungo cha PCIe pale kisipokuwa na kazi ili kuokoa umeme. Kuna usingizi mwepesi uitwao L0s na mzito uitwao L1. Kadi za Wi-Fi hulala na kuamka kila wakati, na pale kwenye kuamka baadhi yake hupishana lugha na mlango kwa muda mfupi sana. Mlango husoma kelele, huandika RxErr, mambo yanaendelea. Hali ya sasa huonekana hivi:

sudo lspci -vv -s 02:00.0 | grep LnkCtl:

Jibu lilikuwa ASPM L1 Enabled. Ili kujaribu bila kuwasha upya, nilizima kwa mkono pande zote mbili:

sudo setpci -s 02:00.0 CAP_EXP+10.w=0:3
sudo setpci -s 00:1c.5 CAP_EXP+10.w=0:3

Fuata mpangilio huo: L1 huzimwa kwenye kadi kwanza, kisha kwenye mlango, na huwashwa kwa kugeuza. Ile 0:3 inamaanisha andika sifuri kwenye biti mbili za chini peke yake, nyingine uziache. Ukipata Operation not permitted hata kwa sudo, huenda Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) imewashwa na keneli imefunga njia hiyo. Izime kwenye BIOS kwa muda wa majaribio.

Nilihesabu dakika moja, mbili, kumi. Haikuongezeka hata moja.

Amri ya setpci hupotea ukizima mashine, kwa hiyo inabaki kutafuta njia ya kudumu, na hapa kuna mtego ulionipotezea muda. Nilifungua /etc/default/grub, faili la vigezo ambavyo keneli hupewa wakati wa kuwaka, nikaongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, nikaendesha `sudo update-grub`, nikawasha upya. Makosa 6,000 na ushee yakarudi. Sababu ni kwamba kigezo hicho, licha ya jina lake, hakizimi ASPM. Kinaiambia keneli isiiguse kabisa, na kama BIOS ilishaiwasha, inabaki imewashwa. Kinachozima ni `pcie_aspm.policy=performance`. Hakikisha kwa:

cat /sys/module/pcie_aspm/parameters/policy

Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika.

Hiyo nayo ina gharama: viungo vyote vya PCIe havilali tena, pamoja na cha SSD kama ni ya NVMe (aina inayotumia PCIe), na betri inaisha upesi kidogo. Kwa mashine ya mezani nisingejali. Kwa laptopu inayotegemewa umeme ukikatika, niliona ni bora kumnyima usingizi mkosaji peke yake. Keneli kuanzia 5.5 inaruhusu hilo. Nilikiondoa kigezo cha grub, nikatengeneza faili /etc/tmpfiles.d/wifi-aspm.conf lenye mstari mmoja, ambao mfumo huutekeleza kila ukiwaka:

w /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/link/l1_aspm - - - - 0

Nikawasha upya, LnkCtl ikasema ASPM Disabled kwa kadi hiyo tu. Ukihamisha kadi au ukaongeza kifaa kingine, namba ya 02:00.0 inaweza kubadilika, basi urudie `lspci`. Na kama hukuti faili la l1_aspm, soma `sudo dmesg | grep -i aspm`: kuna BIOS zinazoitangazia keneli kwamba mashine haina ASPM, na keneli hujitoa. Hapo utabaki na setpci ndani ya huduma ya systemd (meneja wa huduma za mfumo) inayoendeshwa wakati wa kuwaka.

Kilichobaki ni breki za logi, maana kifaa kingine kinaweza kuanza kelele kesho. Kwenye /etc/systemd/journald.conf niliweka `SystemMaxUse=200M`. Kwenye /etc/logrotate.d/rsyslog niliongeza `maxsize 100M`. Hiyo ya pili peke yake haitoshi. Logrotate, programu inayozungusha mafaili ya logi, huamka mara moja kwa siku, na kati ya kuamka na kuamka faili linaweza kufika popote. Kwa `sudo systemctl edit logrotate.timer` niliandika:

[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=hourly
AccuracySec=1m

Mstari mtupu wa OnCalendar hufuta ratiba ya zamani, ukiusahau utakuwa na ratiba mbili. Kisha nikawasha rsyslog tena.

Si kila mafuriko ni RxErr. Ukiona BadTLP au BadDLLP, pakiti zimefika zimeharibika zikatupwa, na zile za data zikatumwa upya. Rollover na Timeout ni kutuma upya kulikokwama. Zikitoka kwenye mlango wa SSD ya NVMe, nakili data siku hiyohiyo, mengine baadaye. Mstari wa USB wenye error -71 au -110 mara nyingi ni waya au poti, badilisha waya kabla hujaigusa draiva. Na kwenye Windows ugonjwa huuhuu huonekana kwenye logi ya matukio kama WHEA-Logger namba 17. Huko usingizi wa kiungo huzimwa kwenye mipangilio ya juu ya umeme, chini ya kichwa cha PCI Express.

Siku nne baada ya laptopu kurudi Mwaloni nilimwomba mteja anipigie picha ya skrini. RxErr 0, TOTAL_ERR_COR (jumla ya makosa yaliyorekebishwa) 0, kern.log KB 310.